Mng'ao wa Shaba na Mkono Uusuguao

Katika nyumba niliyolelewa, mtaa wa Kenya, mjini Lubumbashi, palitundikwa ukutani mwa sebule bamba la shaba la duara, upana wake kadiri ya ungo, ambalo juu yake fundi nisiyemjua jina alikuwa amefua kwa nyundo na tindo sura ya mwanamke atwangaye mahindi, mtoto akiwa mgongoni, na nyuma yao bomba refu la kiwanda likitoa moshi. Kila mwaka, siku chache kabla ya Noeli, mama yangu mkubwa alikuwa akilishusha bamba lile, akalilaza juu ya gunia uani, akakata ndimu, akaichovya katika majivu ya makaa yaliyochekechwa, kisha akasugua kwa taratibu na subira, hata ile rangi ya kahawia iliyotanda mwaka mzima ikatoweka, na wekundu wa shaba ukachomoza kana kwamba bamba ndiyo kwanza litoke mkononi mwa fundi. Sisi watoto tuligombea kuinama juu yake ili tujitazame. Ilinipita miaka mingi kabla sijatambua kwamba, wakati sisi tulipokuwa tukiziona nyuso zetu katika bamba, mwanamke wa bamba alikuwa amekwisha kupoteza wake: pua ilikuwa imelika, macho yamefutika, na kipaji cha uso kimekuwa laini kama jiwe la mtoni.

Bamba lile ndilo lililonifunza kanuni ambayo mafundi wote wa madini waijua, ingawa aghalabu hawaisemi: kung'arisha ni kupunguza. Rangi hutiwa juu ya mbao, na dhahabu hupakwa juu ya fedha, lakini mng'ao hautiwi juu ya kitu; hupatikana kwa kuondoa, chembe baada ya chembe, yale yote yaizuiayo nuru isirudi sawasawa jichoni mwa mtazamaji. Kila mara kitu king'aapo, kuna kilichotoka. Na kwa kuwa mji wetu ulizaliwa kwa ajili ya shaba, naona si upuuzi kuuliza, katika zama mbalimbali za historia yake, ni nini kilichong'arishwa, kwa mkono wa nani, kwa ajili ya jicho la nani, na ni nini kilichopungua.

Wazee wa pwani walisema kukatua panga na kukatua dele la kahawa, na kitu kilicholainishwa walisema kimepigwa msasa, kwa jina la mti ambao majani yake yana ukwaru wa kuparuza kidole, ambayo maseremala waliyatumia kusugulia mbao kabla haijaletwa ile karatasi ya mchanga iliyorithi jina lake. Wake wa Unguja na Mombasa waliyakatua masinia yao kwa ukwaju na majivu. Mama zetu wa Lubumbashi wakatumia ndimu. Na hikima ni ile ile, kwamba ukali wa tunda huiyeyusha kutu ya shaba pasipo kuigusa sana shaba yenyewe, nazo chembe za majivu hufagia kilicholegea. Lakini majivu, hata yakichekechwa mara mbili, yana meno. Madogo, yasiyoonekana, ila ni meno.

Meno hayo niliyaona kwa dhahiri zaidi siku moja katika uwanja wa mafundi wa magari, upande wa Katuba, ambapo kijana mmoja alikuwa akikatua ubavu wa lori kuukuu ambalo bodi yake ni ya alumini tupu, isiyopakwa rangi. Alianza kwa msasa mkali, akisugua kwa mkato mmoja, ubavu kwa ubavu. Kisha akaosha kwa maji mengi, akachukua msasa laini kuliko ule, akasugua kwa mkato wa kuukingama wa kwanza, hata mistari ya awali ikafutika yote. Akaosha tena, akaendelea hivyo daraja baada ya daraja. Nilipomwuliza sababu ya kuosha kila mara, alinijibu kwamba punje moja tu ya msasa mkali ikibaki katika kitambaa cha mwisho, kazi ya siku mbili huharibika kwa dakika moja. Hatimaye alishika kitambaa cha pamba na dawa ya kung'arishia, akasugua kwa duara ndogo ndogo, na kitambaa kikawa cheusi kama kilichopanguswa masizi. Mimi nilidhani ni uchafu. Kijana alicheka, akanionyesha kitambaa, akasema: "Hii haiko buchafu, papa. Hii ni motokari yenyewe." Naam, ule weusi ulikuwa ni alumini, iliyosagwa ikawa unga, na mahali ilipotoka, katika ubavu wa lori, mliweza kusomwa, kinyumenyume, maandishi ya duka la ng'ambo ya barabara.

Sasa na turudi nyuma. Katika bonde la Upemba, kaskazini ya mji wetu, mahali paitwapo Sanga, wataalamu wa elimu ya mambo ya kale walichimba mnamo miaka ya 1957 na 1958, wakafukua makaburi ya watu walioishi kandokando ya maziwa karne nyingi kabla ya Mzungu wa kwanza kuiona Katanga. Humo walikuta vyombo vya udongo, vikuku na mikufu ya shaba, na katika makaburi ya tangu takriban karne ya 13, ile misalaba midogo ya shaba ambayo leo ni nembo ya Katanga yetu. Misalaba hiyo, kadiri karne zilivyopita, ikazidi kuwa midogo na kuzidi kufanana, jambo ambalo wajuzi wamelifasiri kuwa ni alama ya kugeuka kwake kutoka katika hazina kuwa fedha ya kununulia. Haikuhitaji kung'aa. Thamani yake ilikuwa katika uzito, umbo na idadi, na mwenye kuipokea aliihesabu wala hakujitazama ndani yake. Iliwekwa karibu na mikono na viuno vya maiti, ikabaki humo na weusi wake, haikupungua hata chembe.

Waliosubu misalaba hiyo katika zama za baadaye, Wasanga na jirani zao, kazi yao waliiita kula mukuba, yaani kula shaba, kwa maana ya kuishi kwayo kama mkulima aishivyo kwa shamba. Na Askofu Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini aliyekaa Katanga tangu mwaka 1910, aliandika juu yao mwaka 1926 makala iliyowatangaza ulimwenguni kwa jina la wala-shaba. Kazi ilikuwa ya kiangazi. Mtama ulipokwisha kuvunwa, na mito kupungua, watu walihama na wake na watoto kwenda kwenye vilima vya malakiti, lile jiwe la kijani ambalo ndani yake shaba imelala. Wanaume wakachimba, wanawake na watoto wakaokota na kuosha kijitoni, wengine wakachoma makaa. Tanuri ilijengwa kwa udongo wa kichuguu, mivukuto ikatengenezwa kwa ngozi za paa, na ilipofika saa ya kuyeyusha, jiwe la kijani lilitokwa na rangi yake, likateremka chini ya tanuri kama uji wa moto, likamiminwa katika kalibu iliyochimbwa ardhini yenye sura ya msalaba. Mvua za kwanza ziliponyesha, watu walirudi mashambani. Hivyo mlima uliliwa, lakini uliliwa kwa msimu, na kinywa cha aliyeula kilikuwa ni cha mwenyeji.

Katika karne ya 19 shaba ya Katanga ilipata mng'ao wake wa kwanza wa kujulikana mbali, nao ulikuwa mng'ao wa mwili. Wafanyabiashara Wasumbwa, kutoka nchi ambayo leo ni magharibi ya Tanzania, walikuja kuitafuta. Na mmoja wao, Msiri, mwana wa Kalasa, akafanya makao Bunkeya, akausimamisha ufalme wa Garenganze ambao watu wake waliitwa Wayeke. Wahunzi wa Kiyeke hawakutosheka na kusubu. Walijua pia kuvuta waya. Fimbo ya shaba ilifuliwa ikawa nyembamba, ncha yake ikapenyezwa katika tundu la kipande cha chuma, ikashikwa kwa koleo, na wanaume wakaivuta kwa nguvu zao zote, kisha ikapenyezwa katika tundu dogo zaidi, na jingine dogo zaidi, hata ikawa nyembamba ya kuzungushiwa nywele za mkia wa mnyama na kuvaliwa mguuni. Haya ndiyo masango, udodi na nyerere yaliyotajwa katika biashara ya bara nzima, na ambayo mwanamke mwenye mume wa uwezo aliyavaa kwa makumi. Aliyeyang'arisha ni nani? Ni ngozi ya mvaaji yenyewe, na mafuta yake, na mwendo wake wa kutoka kisimani mpaka jikoni. Kwa hiyo shaba ya zama zile iling'aa maadamu mwenyewe yu hai na atembea. Alipolala kaburini, nayo ilififia pamoja naye.

Tarehe 20 Desemba 1891, Msiri aliuawa kwa risasi ya Omer Bodson, ofisa Mbelgiji katika msafara wa Stairs uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold, naye Bodson akauawa katika tukio lilo hilo. Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 1906, ikaundwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka 1910 reli kutoka Rhodesia ikafika, na mji ukapimwa na kupewa jina la Malkia Elisabeth wa Ubelgiji. Na tarehe 30 Juni 1911 tanuri la kandokando ya mto Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza. Tangu siku ile mlima haukuliwa tena kwa msimu, bali usiku na mchana, masika na kiangazi. Shaba iliyotoka tanurini haikuwa safi, wala haikuwa na mng'ao. Ilisafirishwa kwa gari moshi na meli kwenda kusafishwa ughaibuni, hasa Hoboken, karibu na Antwerp, na hata baada ya kiwanda cha Shituru, kule Likasi, kuanza mwaka 1929 kusafisha kwa nguvu ya umeme, sehemu kubwa ya mng'ao wa shaba yetu uliendelea kuonekana na macho ya mbali: katika nyaya za simu, katika mitambo, katika vitasa vya milango ya nchi ambazo wachimbaji hawakupata kuziona. Kilichobaki hapa ni ule mlima mweusi wa taka za tanuri ukaao chini ya bomba, ambao mgeni huuona kabla hajauona mji.

Lakini ulikuwapo mng'ao mmoja uliofanywa hapa hapa, kila asubuhi, nao haukuandikwa katika vitabu vya kampuni. Ndani ya nyumba za Wazungu, upande wa pili wa ule ukanda mtupu uliowatenga na makao ya Waafrika, walikuwako wanaume walioitwa maboyi, hata wenye mvi, ambao kazi yao ilikuwa kupika, kufua, kupiga pasi, na kukatua: viatu, vijiko, vinara vya mishumaa, vitasa. Mwaka 1965, André Yav aliandika kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kwa niaba ya chama cha wale waliokuwa watumishi wa nyumbani, kitabu kidogo cha historia kiitwacho Vocabulaire de ville de Elisabethville, ambacho mtaalamu Johannes Fabian alikitangaza kwa ulimwengu mwaka 1990. Ni jambo la kustaajabisha, kisha ukilitafakari si la kustaajabisha hata kidogo, kwamba historia ya mji huu kwa lugha ya wenyeji wake ilitoka kwa watu wa kazi hiyo. Maana mwenye kukatua kijiko hukaa kimya karibu na meza, husikia yasemwayo juu ya meza, na huiona sura ya bwana wake ikiwa imepinduliwa katika tumbo la kijiko.

Na kilichopunguzwa hakikuwa udongo pekee. Vita vya pili vya dunia vilipotaka shaba zaidi, na bei ya vitu ikapanda kupita mshahara, wafanyakazi wa kampuni waligoma. Na tarehe 9 Desemba 1941, walipokusanyika katika uwanja wa mpira wa mji huu, askari wakawafyatulia risasi, akafa Léonard Mpoyi, aliyekuwa msemaji wao, na wengi pamoja naye. Uwanja ule ulikuwa hatua chache kutoka katika mitaa ambamo mafundi wa mabamba, katika miaka iliyofuata, walifungua karakana zao.

Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua mjini hapa karakana ya wachoraji iliyojulikana kwa jina la Hangar, wakatoka humo Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga, na sanaa ya Lubumbashi ikaanza kutajwa. Pembeni ya sanaa hiyo ya rangi ikastawi katika nusu ya pili ya karne sanaa ya nyundo, isiyo na majina makubwa, ambayo hidaya zake zilijaa katika sebule za makarani, walimu na mafundi wa reli: swala anywaye maji, mpiga ngoma, mvuvi, mwanamke na kinu. Kwa mara ya kwanza tangu masango ya Wayeke, shaba ya Katanga ilibaki Katanga ili iangaliwe. Dola la Katanga, lililotangazwa tarehe 11 Julai 1960 na kukoma Januari 1963, liliweka misalaba mitatu katika bendera yake, na mwaka 1961 likatoa sarafu za shaba nyeusi zenye msalaba ule ule upande mmoja na ndizi upande wa pili; na mwaka 1971 mkoa wote ukabadilishwa jina ukaitwa Shaba, neno la Kiswahili lenye asili ya Kiarabu, jina lililodumu hata mwaka 1997. Yamkini ni mikoa michache duniani iliyopata kuitwa kwa jina la kitu kinachotolewa ndani yake ili kipelekwe kwingine.

Chovya chovya humaliza buyu la asali. Kampuni ilikuwa imetwaliwa na serikali mwaka 1967, baadaye ikaitwa Gécamines, na katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, ikaporomoka, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 kampuni haikufikisha hata tani 50,000. Baba aliyenunua bamba kwa mshahara wa Gécamines alilazimika kuliuza apate unga. Bamba letu liliponea, kwa kuwa mama mkubwa alilificha uvunguni mwa kitanda. Na Noeli za miaka ile ngumu, alilitoa usiku, akalisugua, akalirudisha.

Mwaka juzi nililichukua nikampelekea fundi mmoja wa nyundo, mtu makini, ambaye karakana yake ni kibanda cha mabati chenye gogo la mti katikati na ndoo ya lami kando. Nilitaka amrudishie mwanamke uso wake. Alinieleza kwanza, bila mimi kumwuliza, namna yeye afanyavyo mabamba yake mapya: akimaliza kufua, hulichoma bamba kwa moto na kulitia dawa hata liwe jeusi lote, kisha husugua vilele peke yake, mashavu, mabega, ncha ya mchi, akayaacha mabonde na weusi wake, kwa sababu jicho lisipoona giza halitambui mahali umbo liishiapo. "Ukipangusa yote, haionekane kitu," alisema. "Na tena, papa, ukipangusa sana, unakula mukuba." Nilishtuka kulisikia neno lile la wahenga kinywani mwa kijana ambaye, nadhani, hakupata kusoma makala ya askofu.

Kisha akaligeuza bamba. Upande wa nyuma, ambao tangu siku ya kwanza ulitazama ukuta na haukupata kuguswa na ndimu wala majivu, shaba ilikuwa nyeusi kama sufuria, na katika weusi ule, kwa shimo badala ya kilele, alikuwapo mwanamke mzima: pua imezama, macho yamebonyea, midomo imefumbwa kwa juhudi ya kutwanga. "Uso yake iko huku nyuma," fundi akasema. Nilimwomba apige tena kutoka nyuma auinue. Akaliinua bamba dhidi ya jua, akalipima kwa ukucha mahali pa shavu, akatikisa kichwa. Palikuwa pamekuwa pembamba kama karatasi. Nyundo moja tu, akasema, litapasuka. Hakutaka malipo.

Nililirudisha nyumbani, nikamweleza mama mkubwa, ambaye siku hizi macho yake hayaoni vema. Alilipokea mapajani, akaligeuza, akapitisha kidole pole pole katika mabonde ya upande wa nyuma, mpaka kikakoma katika shimo la pua, kikakaa hapo kitambo kirefu. Nilidhani atasema neno juu ya uso ule. Akaligeuza tena upande wa mbele, akalifuta vumbi kwa khanga yake, akaniagiza ndimu.